Ndizi za Jikoni

Jumapili, 4 Agosti 1996. Kilema

Leo tumepata mgeni, na mgeni mwenyewe ni wa humu humu ndani. Ni Martin, mtoto wa baba mkubwa Sirili, yule aliyekwenda Uingereza kusoma kabla sijazaliwa, akaoa huko, akafa huko, akazikwa huko. Ukutani tulikuwa na picha yake moja tu, mtoto mchanga amefungwa blanketi la manjano. Leo yule mtoto mchanga ameinama mlangoni asigonge kichwa.

Ana miaka ishirini na nne. Ni mweusi kama sisi, ana paji la uso la Bibi lile lile, na hajui neno moja la Kiswahili wala la Kichagga. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili akamwita "mume wangu," maana mjukuu wa kwanza wa kiume ndiye mwenye jina la babu, na Babu Anaeli alishatangulia. Watu wakacheka. Martin akanitazama mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu. Nikamweleza kwa Kiingereza. Akasema nimwambie Bibi harusi iwe ndogo. Nikasema, na Bibi alicheka mpaka akatafuta kigoda.

Sasa niko peke yangu ndipo nashangaa. Nilisema mbele ya watu wote wale. Mimi Mektrida, ambaye kidato cha tatu wananiita Redio Mbovu, kwa kuwa mwalimu akinisimamisha natoa mkoromo halafu nakatika. Baba yuko Dar, mama yuko Tarakea na biashara yake ya mpakani, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi na Bibi tunaweza kumaliza siku nzima kwa maneno ambayo yangetosha kwenye kiganja.

Jumatano, 7 Agosti

Ukungu. Tumechuma kahawa upande wa mfereji. Martin anachuma na mbichi pia. Bibi amemwondoa.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimejua alichofuata. Amesomea kufundisha Kiingereza nchi za nje, ana cheti. Wenzake aliosoma nao wametawanyika, mmoja Hispania, mwingine Japani, na wote walipata kazi upesi, kwa sababu huko wanatafuta mtu ambaye Kiingereza alikinyonya na maziwa. Yeye akasikia kwamba Moshi siku hizi watu wanafungua shule za msingi za Kiingereza, akasema kwa nini nisiende kwa baba yangu. Alisema hivyo, "kwa baba yangu," kama vile baba mkubwa anamsubiri huku kwenye migomba.

Ameingia kama mgeni tu. Shule ikimwajiri, itamwombea kibali cha kukaa. Isipomwajiri, mwezi wa kumi na moja lazima aondoke.

Nilipomfasiria Bibi, akauliza jambo moja: "Kwa hiyo akipata kazi anabaki?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda kuwasha mshumaa kwa Bikira Maria.

Jumanne, 20 Agosti

Nimekosa shule leo, Bibi amenituma nimsindikize Martin mjini.

Shule ya kwanza walishaongea naye kwa simu ya posta, na mkuu wa shule alifurahi sana kwenye simu, akamwambia njoo hata leo. Tulipofika alitoka ofisini ametabasamu. Akampita Martin, akaangalia nje kwenye gari lililosimama, akarudi kuniuliza mimi kwa Kiswahili: "Na huyo mwalimu Mwingereza mmemwacha wapi?"

Nilimwonyesha. Tabasamu lake halikuondoka, lilibaki pale pale, ila macho yaliondoka. Alisema nafasi imeshajazwa asubuhi hiyo hiyo. Martin akaniuliza kasema nini. Nikamwambia nafasi imejazwa. Akauliza, na kabla ya hapo kasema nini, mbona umetazama chini? Nikamwambia na hilo.

Shule ya pili hatukuvuka geti.

Tulipita kwa Bwana Rajendra kutoa nakala za cheti, duka lake la vitabu liko karibu na soko. Martin alikuwa amenuna, akamweleza yote bila kuulizwa. Bwana Rajendra aliendelea kupanga karatasi, akamwambia kwa Kiingereza chake cha polepole: "Mimi nimezaliwa hapa, nyuma ya stesheni. Kila wiki mtu ananiuliza narudi lini kwetu. Wewe umezaliwa kule, nao watakuuliza umerudi lini. Tukae hapa tunywe chai."

Tukanywa chai. Mkewe Vijaya alileta na vitu vya pilipili. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za leo.

Jumapili, 25 Agosti

Naandika jambo ambalo sitamwambia padre.

Jioni tukishamaliza kumenya kahawa kwenye mashine, mimi na Martin tunakaa jikoni. Mimi namfundisha kusalimia, yeye ananisahihisha Kiingereza, ingawa hasahihishi, anasikiliza tu. Ameshajua shikamoo. Ameshajua na Kichagga, "shimbonyi" ya kusalimia na "aika" ya kushukuru, anazisema kwa majirani hata pale isipostahili, amemwambia "aika" mbwa wa jirani yetu Filbert. Nami kwa Kiingereza naongea. Naongea sana. Namsimulia mambo ya shule, ya mama, nilivyolia siku aliposahau kuja Pasaka. Nadhani ni kwa sababu Kiingereza changu hakijawahi kuchekwa na mtu ninayempenda. Kwa Kiswahili kila neno lina mtu wa kulicheka amelisubiri.

Nimeomba Mungu apate kazi. Halafu nimeona kwamba sijaomba kwa ajili yake.

Alhamisi, 5 Septemba

Amepata. Amepata kazi.

Ni Shirimatunda, shule mpya ya mzee mmoja anaitwa Gidioni, zamani alikuwa meneja wa shirika la umma. Majengo yana rangi nyeupe na ngazi pana mbele. Nilikwenda naye, Bibi hataki aende peke yake.

Mzee Gidioni alimsikiliza Martin akisoma ukurasa mmoja kwa sauti, macho amefumba kama mtu anasikiliza kwaya. Halafu akafungua macho, akasema tatizo ni moja tu. Wazazi wameahidiwa mwalimu kutoka Uingereza. Sauti ni ya Uingereza, hilo hakuna ubishi. Lakini wakijua ni mtoto wa Kilema, mjukuu wa mama fulani, watasema wamelipia Mchagga mwenzao. Kwa hiyo atumie jina la ukoo la mama yake. Asiseme Kiswahili, hata salamu. Akae chumba cha mwalimu hapo hapo shuleni. Na ndugu zake wasije. Hili la mwisho alilisema akinitazama mimi, kwa Kiswahili.

Martin akasema huo ni uongo. Mzee Gidioni akamjibu, "Si kusema uongo, kijana. Ni kutosema." Halafu akaongeza kwamba siku ya wazazi ni mwisho wa Oktoba, wakimkubali ndipo atapeleka maombi ya kibali.

 Tulipofika Himo Martin akasema ni miezi michache tu, wakishamzoea haitakuwa na maana tena. Nikakubali. Ningekubali lolote ambalo lingembakiza.

Nyumbani Bibi aliuliza, nikamwambia amepata kazi na atakaa shuleni, atakuja Jumamosi. Masharti yale sikuyasema. Nilifungua mdomo, Bibi akawa ameshaanza kuimba.

Jumatatu, 9 Septemba

Ameondoka na begi lake. Jikoni pakubwa.

Jumamosi, 14 Septemba

Amekuja. Tumekula mtori wa ndizi. Anasema watoto wanamwita Sir na wanaogopa nywele zake.

Jumamosi, 28 Septemba

Amekuja, amechelewa, ameondoka mapema. Bibi amemwekea kahawa aliyoikaanga mwenyewe.

Jumapili, 6 Oktoba

Wazee wa ukoo wamekuja baada ya misa. Wanataka Martin apokelewe rasmi, achinjiwe mbuzi, apewe jina mbele ya watu. Wamepanga baada ya mavuno. Bibi amesema mbuzi yupo, yule mweusi.

Baada ya wao kuondoka akaniambia kuna kitu kingine kinamkera. Huyu mzee wa shule amempa mtoto wetu kazi tangu mwezi wa tisa na hakuna mtu wa nyumbani aliyekwenda kumshukuru. Watu watasema tumemtupa mtoto kama hana kwao. Atakwenda mwenyewe, kwa mkono wenye kitu.

Nikasema, "Bibi, wako bize sana kule." Akasema kushukuru hakuchukui muda.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimejaribu kumwambia Bibi. Nilianza, "Bibi, kule shuleni..." akanituma kuni. Niliporudi na kuni sikuanza tena.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimejaribu. Hapana, sijajaribu. Nilikaa karibu naye tu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika tangu saa kumi na mkono umechoka, lakini nikilala kabla sijamaliza nitakuwa nimeiacha siku hii iende bila mtu kuiangalia.

Asubuhi Bibi aliamka akavaa kitenge cha Krismasi. Mkungu wa ndizi ulikuwa umeshakatwa jana, mshare mzuri, na kibuyu cha maziwa mgando kimefungwa kwa jani. Akaniambia twende kwa bosi wa mume wangu. Nikamwambia leo ni siku ya wazazi. Akasema, "Vizuri sana. Na sisi si wazazi?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na njia nzima kutoka Kilema mpaka mjini, na kutoka mjini mpaka Shirimatunda, na Bibi alikuwa ametulia, hakunituma kuni wala maji. Sikusema. Nilijiambia pengine tutakuta imekwisha. Nilijiambia pengine Martin atatuona mapema geti kabla ya watu. Ukweli ni kwamba sehemu fulani ndani yangu ilitaka watu wote waone kwamba yule ni wetu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Haikuwa imekwisha. Wazazi walikuwa wamejaa uwanjani, suti, vitenge vya mshono, magari mawili matatu. Juu ya ngazi alisimama Martin na shati jeupe, mama mmoja anamshikilia mkono anaongea Kiingereza cha shida kwa furaha, mtoto wake ameshika suruali ya Martin. Mzee Gidioni pembeni, anang'aa.

Bibi alipomwona akaanza kwenda kwake moja kwa moja, mkungu kichwani, amenyooka kama msichana. Watu wakampisha. Nilimwona tayari amekusanya mdomo kwa ajili ya lile neno lake la mzaha. Mimi nilikuwa nyuma na kibuyu. Martin akatuona. Sijawahi kuona uso wa mtu ukitaka kufanya mambo mawili kwa pamoja. Mguu wake mmoja ulishuka ngazi ya kwanza, ukasimama.

Mzee Gidioni alishuka haraka, mikono mbele, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mama, ndizi zinapelekwa jikoni. Zungukia huko nyuma."

Bibi akasimama. Akamtazama mzee. Akamtazama Martin, kwa muda, kama anavyotazama buni mkononi kujua kama imeiva. Martin akafungua mdomo.

Bibi akamwahi. "Samahani mzee," akasema. "Ndizi za jikoni, ndiyo. Nimekosea njia."

Akageuka na mkungu wake. Yule mama mwenye mtoto alicheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka bibi wa shamba aliyepotea. Nami nikamfuata Bibi. Sikugeuka nyuma kwa hiyo sijui Martin alibaki na sura gani.

Jikoni mpishi alisema hakuna aliyeagiza ndizi. Bibi akamjibu basi wale watoto, ni tamu, na kibuyu akakiacha pia. Akaomba maji, akanywa amesimama. Hakuniuliza kitu. Bibi hajasoma, lakini hakuna alichohitaji kuuliza wala kufasiriwa pale. Alikuwa ameshaelewa yote, na alielewa pia kwamba mimi nilijua.

Tulipofika nyumbani alivua kitenge akakikunja. Akasema, "Majengo yao ni mazuri." Basi.

Jumamosi, 2 Novemba

Hajaja.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua za vuli zimeanza. Tumeingiza kahawa ndani, tumeitoa, tumeiingiza.

Alhamisi, 7 Novemba

Filbert, jirani anayepeleka kahawa za watu mjini kwa pikapu, amekuja na habari kwamba wazazi wamempenda Martin, kibali kinaombwa, atakaa miaka miwili. Bibi alisema Mungu ni mwema. Wazee waliulizia habari ya mbuzi, akawaambia mtoto ana kazi nyingi, tungoje.

Kwa hiyo tulichoomba tumepewa. Amebaki. Yuko bondeni huko, kukiwa hakuna mawingu naona mabati ya mji yanang'aa, na yuko mbali kuliko alipokuwa kwenye picha.

Jumamosi, 9 Novemba

Hajaja. Bibi alipika kama anakuja.

Jumatano, 13 Novemba

Mwalimu alinisimamisha kusoma. Nilisoma mistari miwili yote. Hakuna aliyecheka. Sikuwa na wa kumsimulia.

Jumamosi, 16 Novemba

Amekuja na begi.

Tulikuwa jikoni, nje mvua. Alisimama mlangoni analowa mpaka Bibi akamwashiria aingie. Akaingia, akapiga goti kama nilivyomfundisha, "Shikamoo Bibi." Bibi akaitikia marahaba. Halafu wakakaa, wote wawili wakanigeukia mimi.

Martin alisema ameacha kazi. Jana alikwenda kwa Mzee Gidioni akamwambia ama wazazi waambiwe yeye ni nani, ama anaondoka. Mzee hakugomba hata. Alisema atampa barua nzuri ya kumsifu.

Nilipomaliza kufasiri Bibi alikasirika. Sijamwona hivyo tangu kuzaliwa.

"Mwambie nilijifanya muuza ndizi mbele ya wale watu wote ili yeye abaki. Leo anakuja kuniambia anaondoka?"

Nikamwambia. Martin akasema: "Mwambie kila asubuhi nikipanda zile ngazi namwona anazunguka nyuma na ule mkungu."

"Nilizunguka kwa miguu yangu. Kuna mtu alinisukuma?"

"Mimi ndiye niliyepaswa kushuka."

"Ungeshuka tungekosa kazi mchana ule ule. Sasa umeikosa hata hivyo, na ndizi zangu wamekula."

Hapo Martin akacheka huku machozi yanamtoka, na Bibi akakaza uso ili asicheke, akashindwa. Akaniambia nimwambie kwamba baba yake pia alikuwa hivi hivi, anachelewa kwenye jambo zuri halafu analifanya kwa nguvu mpaka anavunja chombo. Martin hakuwahi kuambiwa jinsi baba yake alivyokuwa. Akataka zaidi. Bibi akasimulia, nami nikafasiri, yeye akauliza, nami nikafasiri, mpaka kuni zikawa makaa.

Nilikuwa nasema mimi, mimi, mimi. Mimi nilizunguka. Mimi nilipaswa kushuka. Mimi nilimzaa nikamsindikiza mpaka barabarani sikumwona tena. Mimi nimefika hapa kumtafuta. Sijawahi kuongea kiasi kile maishani. Na kati ya hao mimi wote hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa mimi.

Jumatatu, 18 Novemba

Muda wa ugeni umeshapita kwa siku chache. Uhamiaji wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Bwana Rajendra amemuulizia shule tatu anazozijua. Zote zimeshapata habari kutoka Shirimatunda kwamba yule Mwingereza ni wa Kilema.

Jumapili, 24 Novemba

Mbuzi mweusi amechinjwa. Mvua ilikatika saa nne, tukaona ni heri. Mzee mkubwa wa ukoo akamwita Martin mbele, akamtemea kifuani mbege ya baraka, ile pombe ya ndizi, akamtaja Anaeli. Akavalishwa kidoleni kipande cha ngozi ya yule mbuzi, bado kibichi. Martin akasema "aika" kwa kila mtu, na safari hii ilistahili. Sasa ana kwao. Na hana pa kukaa.

Mama alikuja kutoka Tarakea. Aliniambia nimekonda. Nilitaka kumwambia jambo, akawa ameshaanza kuhesabu vitenge vyake.

Ijumaa, 29 Novemba

Pikapu ya Filbert ilikuja saa moja asubuhi. Juu kulikuwa na magunia ya kahawa, mbele nafasi ya mtu mmoja. Bibi alimpa Martin ndizi za kuiva, nne tu, akisema ndege nzima isije ikafikiri anafanya biashara.

Tulisimama kwenye migomba. Martin aliniambia nimwambie Bibi atarudi, ataweka akiba, hata kama ni miaka. Nikamwambia Bibi. Bibi akasema nimwambie aende salama, amsalimie mama yake, asiache kusali. Nikamwambia.

Filbert akapiga honi. Bibi alikuwa amemaliza ya kusema, ameshatulia, mikono kwenye kanga, anamtazama mume wake. Martin akaniuliza kwa Kiingereza, "Ni hayo tu?"

Nikasema, "Bibi anasema usiondoke."

Akamtazama Bibi. Bibi akamtabasamia, hajui. Kisha Martin akanigeukia akakaa hivyo, ananiangalia mimi, si Bibi, mpaka nikaona uso wangu unawaka. Kwa Kiingereza mimi sioni haya, lakini leo niliona.

Akasema, kwa sauti ya chini, "Mwambie ningekuwa na njia, ningebaki jikoni kwake, jioni zile zote."

Akapanda. Pikapu ikateleza kwenye matope, ikakaa sawa, ikashuka.

Bibi akaniuliza, "Amesema nini pale mwisho?"

Nikamwambia amesema asante. Yale mengine nimekaa nayo. Tumechuma kahawa ya mwisho mchana, upande wa mfereji, mimi na Bibi, hatukuongea.